Nani Alipe Miaka Iliyopotea?

Mwaka 1939 mwanamke Mwingereza aitwaye Kay Stammers alifika fainali ya Wimbledon, mashindano ya tenisi yenye heshima kuliko yote. Alikuwa na miaka 25. Alishindwa na Mmarekani Alice Marble, 6–2, 6–0, kushindwa kusiko na ubishi. Lakini mchezaji wa miaka 25 aliyefika fainali ana haki ya kusema: tutaonana mwakani. Mwaka huo haukuja. Septemba vita vikaanza, na Wimbledon haikuchezwa tena hadi 1946. Oktoba 1940 bomu liliangukia uwanja mkuu, viti kama 1,200 vikaharibika, na sehemu ya eneo lile likafugiwa nguruwe, kuku na sungura. Kay aliporudi kucheza, sasa akiitwa Menzies kwa jina la mume wake, alikuwa na miaka 32.

Mimi tenisi siijui. Sijawahi kushika raketi. Habari hizi nilizikuta katika kitabu cha zamani cha michezo, cha Kifaransa, kilichokuwa kimetandazwa chini sokoni Gitega pamoja na vitabu vya sala na daftari zilizoandikwa nusu. Nilikinunua kwa sababu kilikuwa rahisi na safari ya kurudi Muyinga ni ndefu. Tenisi siijui, lakini hesabu ile ya 25 na 32 naijua vizuri. Hapa kambini kila mtu anaijua.

Kilichonishika zaidi kilikuwa katika ukurasa uliofuata. Kule Marekani mashindano yao ya taifa hayakusimama hata mwaka mmoja wakati wa vita. Pauline Betz aliyashinda 1942, 1943 na 1944. Vita vilipokwisha akavuka bahari, akacheza Wimbledon mara moja tu katika maisha yake, 1946, akachukua ubingwa bila kupoteza seti hata moja. Mwaka huohuo wanawake wa Marekani walikutana na wa Uingereza, Kay akiwemo, kwenye Kombe la Wightman. Matokeo: 7–0. Mwaka uliofuata, tena 7–0. Waingereza walikaa hadi 1958 ndipo wakalishinda kombe lile. Na pale Wimbledon, kuanzia 1946 hadi 1958, kila mwaka bingwa wa wanawake alikuwa Mmarekani. Mwingereza alikuja kushinda 1961, naye ni Angela Mortimer, ambaye vita vilipoanza alikuwa mtoto wa miaka saba.

Siwezi kusema vita ndiyo sababu peke yake, maana hata kabla yake Wamarekani walikuwa na nguvu. Na Betz hakumwibia mtu. Alicheza kwao kwa sababu kwao kulichezeka. Lakini ona jinsi jambo lilivyokwenda. Kay hakupoteza miaka tu. Aliipoteza wakati wengine wanaendelea, kisha mlango ulipofunguliwa wote wakaambiwa wasimame kwenye mstari mmoja. Mstari ulikuwa ulele, mpira ulele, wavu ulele. Hakuna aliyeweza kusema kanuni ilipendelea mtu. Ndiyo shida yenyewe.

Sasa niseme kwa nini mwalimu wa Gasorwe anahangaika na mwanamke wa Wimbledon.

Binti mmoja niliyemfundisha hapa kambini alivuka kutoka Kongo akiwa na miaka minane. Mwaka wa kwanza hakusoma, walikuwa bado wanahamishwa hamishwa. Akaingia darasani, akarudishwa chini kwa sababu ya lugha. Akapanda, mama yake akaugua, akakaa nyumbani miaka miwili akilea wadogo zake wanne. Akarudi. Mwaka mmoja ukaliwa na karatasi ambayo ilikuwa kila wiki "inakuja". Akamaliza sekondari na alama ambazo mimi, miaka yangu yote ya kufundisha, nimeziona mara tatu. Likatokea tangazo la ufadhili wa chuo. Akajaza, akaitwa Gitega kwa mahojiano. Akaondoka alfajiri kupitia Karuzi, nguo ya kuazima, vyeti ndani ya mfuko wa plastiki. Mlangoni wakaangalia tarehe ya kuzaliwa. Masharti yalisema mwombaji asizidi miaka 25. Yeye alikuwa amezidi kwa mwaka mmoja na miezi minne. Hakuulizwa swali hata moja.

Aliporudi nilimkuta anachota maji. Nikamwambia, pole binti yangu. Akasema: "Mwalimu, hawakunikatalia mimi. Walikatalia ile miaka. Lakini ile miaka si mimi niliyeichelewesha."

Shirika lenyewe silitaji. Masharti ya namna hiyo yako kila mahali, na aliyeyaandika labda hakuwa na nia mbaya. Ninalotaka kuuliza ni swali la haki: mtu aliyepokonywa miaka na vita anamdai nani? Au hamdai mtu?

Jibu ninalolisikia mara nyingi, hata kanisani na msikitini, ni kwamba hamdai mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kuna watu wema wanaolisema kwa faraja, na mimi siwadharau. Lakini methali hii inazungumzia maji tu. Haisemi kitu juu ya mtungi, wala juu ya anayegawa maji kesho. Ni kweli hakuna atakayempa yule binti umri wa miaka 18 tena. Lakini sharti la miaka 25 halikushushwa na mbingu. Kuna mtu alikaa mezani akaliandika, na mtu huyo angeweza kuandika 30, au angeweza kuandika: toa miaka ambayo mwombaji hakuwa na shule.

Kuna jibu la pili, la wale wenye hasira: mdaiwa ni aliyeanzisha vita. Sawa kabisa, ila huyo halipi. Hitler hakumlipa Kay chochote. Wanaochoma vijiji vya Kivu hawatafungua ofisi ya madai hapa Muyinga. Deni ambalo mdaiwa wake hapatikani ni deni la jicho: unalitazama tu.

Kabla ya jibu la tatu kuna kizuizi kimoja ambacho lazima nikipitie, maana mama mmoja jirani yangu alinisimamisha nilipomsomea mwanzo wa maandishi haya. "Wewe mwalimu unasema miaka iliyopotea. Imepotea wapi? Mimi ndani ya miaka hiyo nimezaa watatu, nimemzika mume, nimejifunza Kirundi mpaka nabishana sokoni na wenyewe wanacheka. Usiniambie sikuishi."

Nilikaa kimya. Hapo kuna jambo gumu. Ili tudai miaka yetu, tunalazimishwa kusema ilikuwa mitupu. Fomu inataka "pengo", na ndani ya pengo hakutakiwi kuwa na kitu. Lakini yule binti, miaka miwili aliyokaa na mama mgonjwa, ndiyo miaka aliyojifunza kumtafsiria daktari, Kiswahili kuingia Kirundi na kurudi, akiwa na miaka 15. Alijua kiasi cha dawa kwa kichwa. Aliwafundisha wadogo zake kusoma kwa kutumia karatasi za magunia ya chakula. Nani anathubutu kuiita mitupu? Na hata hivyo ndiyo iliyomfungia mlango. Nadhani tuseme hivi: miaka haikupotea, ila ilihesabiwa katika daftari ambalo wenye milango hawalisomi. Kay pia aliolewa katika miaka yake ya vita, 1940, akawa na maisha. Kilichopotea ni nafasi.

Wenyeji wetu wanalijua hili kutushinda. Warundi wengi wa Muyinga walikuwa wakimbizi Tanzania, wakarudi kupitia Kobero na watoto waliosoma huko kwa Kiswahili na Kiingereza. Hapa shule ni Kirundi na Kifaransa. Mtoto mrefu, mwenye akili, akakalishwa na wadogo. Siyo kwamba hakusoma. Alisoma kwa lugha ambayo dawati lile halikuijua. Nikikaa na wanaume wa umri wangu sokoni Muyinga na mazungumzo yakafika hapo, hakuna tena mkimbizi wala mwenyeji, wote tunatikisa kichwa.

Hata tenisi ya hapa ina mambo hayo. Sada Nahimana, Mrundi, alizaliwa 2001, vita vya nchi hii vikiwa bado vinawaka. Amecheza mashindano makubwa ya vijana duniani, na leo ni mchezaji wa kulipwa. Lakini kufika pale ilibidi atoke: ujanani alikwenda kufanyia mazoezi Casablanca, Morocco. Namtaja kwa furaha. Namtaja pia kwa sababu watu wanapenda kutuonyesha mtu mmoja kama yeye na kusema, "Si mnaona? Inawezekana." Inawezekana, ndiyo. Kwa aliyepata mlango akiwa bado na umri wa mlango.

Jibu la tatu nimelipata katika tenisi yenyewe, na hapa naomba wafanyakazi wa misaada wanisikilize. Katika tenisi ya wanawake ya kulipwa kuna kanuni ya kulinda nafasi. Mchezaji akiumia akakaa nje muda mrefu, au akipata mtoto, anaruhusiwa kwa muda fulani kuingia mashindano kwa kutumia nafasi aliyokuwa nayo kabla ya kutoka. Hapewi pointi za bure wala ushindi. Anahifadhiwa mlango tu, akiingia atapigwa au atapiga. Watu wa michezo, ambao hawana huruma hata kidogo uwanjani, walikubali kwamba goti lililovunjika na tumbo lililobeba mtoto si uvivu.

Lakini walipofika kwenye jambo lenyewe, waligombana. Serena Williams alijifungua 2017, akarudi 2018 akiwa chini ya nafasi ya 450 kwenye orodha. Kule Ufaransa aliruhusiwa kuingia, ila hakupangwa miongoni mwa wale 32 wanaotenganishwa wasikutane mapema. Wimbledon wakaamua kumpanga, nafasi ya 25. Akafika fainali. Watu wakashangilia. Ila wale 32 hawakuongezwa kuwa 33. Aliyesukumwa nje ni Dominika Cibulková wa Slovakia, aliyekuwa wa 32 kwa jasho lake mwenyewe, naye akasema wazi kwamba hakutendewa haki.

Alikuwa na hoja, si ndiyo? Nafasi ikilindwa, kuna mtu analipia. Mtu mwenye jina, mwenye uso. Nilimweleza kijana mmoja wa shirika kuhusu yule binti, akaniambia maneno ambayo sikuyapenda na sikuweza kuyapinga: "Mwalimu, nafasi ni kumi na mbili. Nikimwingiza wa miaka 26, namtoa wa miaka 18. Huyo wa 18 naye ni mkimbizi. Utamwambia nini?"

Basi hapo ndipo nilipomkumbuka Niyongabo.

Vénuste Niyongabo ndiye aliyeiletea Burundi dhahabu ya Olimpiki, Atlanta, 1996. Wote tunalijua jina. Kisichosimuliwa sana ni habari ya Dieudonné Kwizera. Kwizera, aliyezaliwa 1967, alikuwa mkimbiaji mzuri wa mbio za kati. Michezo ya Olimpiki ya 1988 ikampita, ya 1992 ikampita, si kwa sababu ya miguu yake, bali kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa. Kamati ilitambuliwa 1993, mwaka uleule ambao nchi iliingia vitani. Ilipofika 1996, mara ya kwanza kwa Burundi, Kwizera alikuwa na miaka 29 na alikwenda kama kocha. Miaka yake ilikuwa imekwisha kuliwa.

Niyongabo alikuwa na miaka 22. Mbio zake zilikuwa mita 1500. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata shaba ya dunia katika mbio hizo, na Atlanta alihesabiwa miongoni mwa wanaoweza kushinda. Akaiacha nafasi yake ya mita 1500 ili Kwizera akimbie. Yeye akaenda mita 5000, mbio ambazo alikuwa amezikimbia mara mbili tu kabla ya hapo.

Tarehe 25 Julai, michezo ikiendelea, serikali ikapinduliwa Bujumbura. Siku chache baadaye nchi jirani zikatangaza vikwazo. Tarehe 3 Agosti Niyongabo akamaliza mita 5000 kwa dakika 13:07.96, mbele ya Mkenya Paul Bitok. Dhahabu.

Kila mtu akisimulia habari hii anakimbilia kwenye dhahabu, kana kwamba ndiyo malipo ya wema wake. Mimi naomba tuiondoe dhahabu kidogo. Tuseme Niyongabo angemaliza wa tisa. Je, alichofanya kingekuwa kosa? Siku anatoa nafasi hakujua atashinda. Alijua tu anaacha mbio anazoziweza na kwenda zile asizozizoea, mbele ya dunia nzima, katika umri ambao mwanariadha hapaswi kuchezea. Hapo ndipo thamani ilipo, kabla bunduki ya kuanzia haijalia. Na Kwizera? Hakufika fainali. Mtu wa hesabu atasema nafasi ilipotea. Lakini Kwizera hakuwa ameahidiwa medali na vita wala na kamati. Alichonyimwa kilikuwa kukimbia, na akakimbia.

Sasa linganisha. Cibulková alilipishwa bila kuulizwa. Niyongabo alilipa mwenyewe. Yule binti wa Gasorwe naye alilipa, tena amelipa mara nyingi, ila hakuna anayeliita malipo, kwa sababu sharti la umri linafanya ionekane kana kwamba hakukuwa na mtu mlangoni. Kijana wa shirika anasema akimwingiza wa 26 anamtoa wa 18. Ni kweli. Lakini akimwacha wa 26, anamtoa wa 26. Hakuna nafasi isiyomtoa mtu. Sharti la umri haliondoi uchaguzi, linauficha tu, na linauficha kila mara upande mmoja: upande wa waliokimbia muda mrefu zaidi, waliohamishwa zaidi, wasichana waliobaki na wagonjwa. Kadiri vita vilivyokupiga zaidi, ndivyo unavyozidi kuchelewa. Ndivyo unavyozidi kukosa. Kanuni ya namna hiyo, hata ikiandikwa kwa mkono safi, inamalizia kazi ambayo wenye bunduki waliianza.

Siombi kila mwenye miaka 18 awe Niyongabo. Huwezi kumwamuru mtu atoe nafasi yake kisha uite wema. Ninachosema ni kidogo zaidi na kinawezekana. Nafasi zikiwa kumi na mbili, mbili zisiwe na umri. Na katika zile mbili aulizwe mtu: miaka yako ilikwenda wapi? Aeleze. Ajibu na yale aliyoyafanya ndani yake, dawa, wadogo, Kirundi, yaandikwe. Kijana wa 18 atakayekosa atakasirika, na ana haki ya kuambiwa kwa uso kwa nini amekosa na nani amepata. Mwakani bado atakuwa na 19. Wa 26 hana mwakani.

Nilimwuliza binti mwenyewe, maana si vizuri kumsemea mtu. Nikamwambia: ungekuwa na 18, na nafasi ni yako, ukaambiwa kuna dada wa 26 nyuma yako, ungemwachia? Alifikiri kwa muda. Akasema, "Hapana, Mwalimu. Nisingemwachia." Kisha akacheka. "Ndiyo maana haifai niulizwe mimi."

Februari 2025, Wakongo walipomiminika kuvuka Ruzizi kwa makumi ya maelfu, wengi walilazwa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, Cibitoke. Nyasi zilizokuwa za mchezo zikawa kitanda. Kwenye uwanja ule kulikuwa na watoto wa miaka kumi. Mwaka 2040 watakuwa na 25. Anayeandika masharti ya ufadhili wa miaka ijayo, ambaye labda anasoma jarida hili akisubiri gari la kurudi Gitega, naomba aache mstari mmoja zaidi chini ya tarehe ya kuzaliwa.